Ubishi wa Bwaloni: Kuihakiki Upya Picha ya "Theatre of Blood" ya Mwaka 1973

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili, nadhani alitarajia nimletee habari za Vita vya Maji Maji, au za kujengwa kwa bweni la kwanza la shule yetu. Naomba radhi kwake na kwenu, wazee wenzangu na vijana mlioko madarasani. Mimi nina deni. Nililikopa hadharani, bwaloni, mbele ya watu; kwa hiyo ni haki nililipe hadharani pia, katika gazeti hili linalosomwa na wote waliokuwapo siku ile.

Waliohudhuria mkutano wetu uliopita watakumbuka. Baada ya chakula cha mchana, sisi wa Kidato cha Nne cha mwaka 1966 tuliketi kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha la jikoni, na vijana wa Kidato cha Pili wakawa wanatupitishia chai. Mazungumzo yaliingia kwenye vitabu tulivyosomea mtihani wa Cambridge. Kutoka kwenye "Julius Caesar" yakavuka hadi kwenye picha moja ya sinema ambayo mimi na mwenzangu mmoja tuliitazama pamoja mjini London mwaka 1973, tulipokuwa huko masomoni, yeye akisomea uhasibu na mimi ualimu. Mwenzangu huyo alikuwa kiranja wa bweni letu, na hata leo, ingawa sote tuna wajukuu, tunamwita Kiranja. Nami nitamwita hivyo hapa.

Tulianza kuwasimulia wenzetu picha hiyo kwa pamoja. Lakini kila niliposema hili, Kiranja alisema lile. Kijana mmoja aliyeshika birika akasimama kusikiliza, kisha akauliza kwa adabu: "Samahanini babu zangu, sasa kati yenu anayesema kweli ni nani?"

Lilikuwa swali zuri. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka thelathini na mmoja nilipaswa kumjibu kwamba hatujui mpaka tuhakikishe. Badala yake nilisema, kwa sauti iliyosikika meza tatu, kwamba Kiranja amezeeka na siku hizi anachanganya sinema na ndoto. Watu walicheka. Kiranja hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaaga, akaondoka kabla wimbo wa shule haujaimbwa. Tangu mwaka 1963, tulipopangiwa vitanda jirani, hatukuwahi kuachana kwa namna hiyo. Kwa miezi mitano nilimpigia simu na hakupokea.

Basi nikaamua kufanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kuhakikisha.

PICHA YENYEWE

Kwa faida ya vijana ambao hawakuiona, nieleze kwa ufupi. "Theatre of Blood", yaani Jumba la Michezo la Damu, ni picha ya Kiingereza iliyoongozwa na Douglas Hickox na kuandikwa na Anthony Greville-Bell. Ni picha ya kutisha, lakini pia ni ya kuchekesha. Usiku ule ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele na kucheka kwa zamu.

Mhusika mkuu ni Edward Lionheart, mwigizaji wa tamthilia za Shakespeare anayejiona hana mfano duniani. Chama cha wahakiki wa London kinamnyima tuzo ya mwigizaji bora na kumpa kijana mmoja. Lionheart anawavamia wahakiki hao walipokusanyika, anainyakua tuzo, anaghani maneno ya Hamlet, kisha anajitupa katika mto Thames. Watu wote wanaamini amekufa. Kumbe ameokolewa na walevi wasio na makao wanaoishi kando ya mto. Kwa msaada wao na wa binti yake Edwina, anarudi kulipiza kisasi kwa mhakiki mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anapangiwa mkasa uliotolewa katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Lionheart aliiigiza na wao wakaikashifu.

Lionheart aliigizwa na Vincent Price, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1911, ambaye dunia nzima ilimjua kwa picha za kutisha. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1971, alikuwa ameigiza "The Abominable Dr. Phibes", ambayo nayo ni habari ya mtu anayelipiza kisasi kwa utaratibu maalumu. Binti yake, Edwina, aliigizwa na Diana Rigg.

NAMNA NILIVYOHAKIKI

Mjukuu wangu alinitafutia picha hiyo. Mimi nikaazima maktaba kitabu kikubwa chenye tamthilia zote za Shakespeare. Nikachukua daftari la mistari na kulipiga safu nne: nilivyosema mimi, alivyosema Kiranja, inavyoonyesha picha, isemavyo tamthilia. Niliitazama picha mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka tu na sikuandika kitu. Mara ya pili nilimwagiza mjukuu aisimamishe kila mtu alipokufa. Mara ya tatu nilihakiki yale niliyoandika katika mara ya pili, na nilikuta makosa matatu ya mkono wangu mwenyewe.

Yafuatayo ni mambo sita niliyoyapima.

La kwanza: idadi ya wafu

Nilisema bwaloni kwamba wahakiki walikuwa tisa na Lionheart aliwaua wote tisa. Kiranja alisema tisa ni kweli, lakini wawili hawakufa. Nilimcheka.

Wahakiki ni hawa: Maxwell, Snipe, Sprout, Dickman, Larding, Psaltery, Moon, Merridew na Devlin. Ndio tisa. Maxwell anachomwa visu na kundi la walevi tarehe 15 Machi, kama Kaizari. Snipe anachomwa mkuki na kuburutwa na farasi, kama Hector katika "Troilus and Cressida". Sprout anakatwa kichwa, Dickman anatolewa moyo, Larding anazamishwa katika pipa la mvinyo, Bibi Moon anauawa kwa umeme saluni, na Merridew anakabwa na chakula. Hao ni saba.

Psaltery hafi. Yeye ni mume mwenye wivu. Lionheart anajifanya mkandaji, anamtembelea mke wake, na mume anapohisi anasalitiwa anamziba mkewe pumzi kwa mto, kama Othello alivyomfanyia Desdemona. Psaltery anaishia mikononi mwa polisi. Naye Devlin, mkubwa wao, anajeruhiwa katika mchezo wa panga wa "Romeo and Juliet", anaachwa kwa makusudi, na mwishoni anaokolewa. Saba wamekufa, mmoja amefungwa, mmoja amepona. Kiranja alisema kweli.

La pili: sauti ya Psaltery

Hapa ndipo nilipomwambia anaota. Kiranja alisema kwamba yule aliyeigiza Psaltery, Jack Hawkins, anaonekana yeye lakini sauti si yake. Nilisema ni upuuzi: mtu ataigizaje bila sauti?

Jack Hawkins alikuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa Uingereza, na sauti yake nzito ilikuwa nusu ya sifa yake. Mwaka 1966 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya koo akatolewa zoloto, yaani kile kiungo chenyewe kinachotoa sauti. Hakuacha kazi. Aliendelea kucheza katika picha, na sauti ikawa inawekwa baadaye na mwigizaji mwingine. Katika picha hii mwenye sauti ni Charles Gray. Hawkins alifariki Julai 1973, mwaka uleule tuliokwenda kuitazama.

Nilipolijua hilo niliitazama tena sehemu yake, na safari hii sikucheka. Mtu anayeonekana pale akimfokea mkewe kwa wivu hakuwa na uwezo wa kufoka. Kiranja aliliona jambo hilo mwaka 1973 akalibeba miaka yote hii, nami nililikanusha kwa sekunde mbili.

La tatu: jumba la Lionheart

Lionheart anajificha katika jumba bovu la michezo linaloitwa Burbage. Mimi nilisema jumba hilo lilikuwa mbao na rangi, limejengwa ili kupigia picha. Kiranja alisema lilikuwa jumba la kweli.

Lilikuwa la kweli. Ni Putney Hippodrome, upande wa kusini-magharibi wa London. Lilifunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya maonyesho ya jukwaani, baadaye likageuzwa sinema, likafungwa mwaka 1961. Watengenezaji wa picha walilikuta limeachwa, nao wakalitumia kama lilivyo. Lilibomolewa mwaka 1975. Kwa hiyo vumbi lile lililotutisha lilikuwa vumbi halisi, na sehemu ya thamani ya picha hii kwa mwanahistoria ni kwamba inatuonyesha ndani ya jengo ambalo halipo tena.

Hata jina la Burbage halikuokotwa. Richard Burbage, aliyefariki mwaka 1619, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa kundi la Shakespeare mwenyewe. Baba yake, James Burbage, ndiye aliyejenga mwaka 1576 jumba la michezo la Shoreditch, nje ya kuta za London ya wakati huo.

Mpaka hapo daftari langu lilisoma hivi: Kiranja tatu, mimi sifuri.

La nne: pipa la mvinyo

Huu ndio ubishi uliochukua muda mrefu kuliko wote. Nilisema nakumbuka kwa macho yangu Vincent Price akizamishwa katika pipa la mvinyo. Kiranja alisema nimegeuza mambo: Price ndiye aliyemzamisha mwingine.

Katika "Theatre of Blood" ni kama alivyosema. Larding anaalikwa kuonja mvinyo, na Price anamzamisha. Mkasa umetoka katika "Richard III", ambamo Clarence, ndugu wa mfalme, anachomwa kisu kwanza kisha anapelekwa kutumbukizwa katika pipa la mvinyo wa malmsey. Clarence wa historia aliuawa kwa siri katika ngome ya London tarehe 18 Februari 1478, na habari ya pipa ilikuwa imekwisha andikwa kabla Shakespeare hajazaliwa.

Lakini mimi nilikuwa na uhakika wa nilichokiona, na sikutaka kukiacha. Nikatafuta. Mwaka 1939, huko Marekani, ilitengenezwa picha iitwayo "Tower of London". Ndani yake Vincent Price, akiwa bado kijana, aliigiza Clarence yuleyule, akazamishwa katika pipa lilelile la hadithi, na mmoja wa wauaji wake akiwa Boris Karloff. Picha hiyo niliiona usiku mmoja katika televisheni ya mwenye nyumba wangu London, nikaisahau jina, nikahifadhi pipa peke yake. Na mwaka 1962 ikatengenezwa picha nyingine ya jina hilohilo, na mara hii Price akawa Richard mwenyewe. Kwa hiyo mtu mmoja aliwahi kuzama pipani mwaka 1939, akavaa taji la Richard mwaka 1962, na kumzamisha mwingine mwaka 1973.

Hivyo katika jambo hili wote wawili tulisema kweli, ila mimi nilikuwa nikitoa ushahidi wa kesi nyingine. Vijana mlioko darasani, liangalieni sana jambo hili. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akapotosha mahakama, kwa sababu hajui kwamba kumbukumbu zake mbili zimeshonwa pamoja.

La tano: je, picha ilimfuata Shakespeare?

Kiranja alisema kila kifo kilifuata kitabu. Mimi nilisema kila kifo kilifuata kitabu isipokuwa kimoja tu, kile cha ratili ya nyama. Wote wawili tulikosea, na kosa langu lina somo kubwa zaidi.

Wale mliosoma "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, mnajua kwamba Shylock hapati ratili yake ya nyama. Antonio anaokolewa na sheria. Katika picha, Shylock wa Lionheart anaipata, na Dickman anakufa. Picha haifichi jambo hilo. Baada ya kifo hicho mhusika mmoja anatamka waziwazi kwamba ni Lionheart tu anayeweza kuwa na ujasiri wa kumwandika Shakespeare upya. Ukumbi ulicheka, nami nikalikumbuka.

Nilipofungua kitabu nikakuta mengine ambayo picha haikuyatangaza. Sprout anakatwa kichwa akiwa usingizini, kitandani, kando ya mkewe. Lakini katika "Cymbeline" Cloten anakatwa kichwa akiwa macho, katika mapigano aliyoyaanza mwenyewe kwa majivuno. Kilicho cha kweli ni kwamba mwanamke anaamka na kukuta kando yake mwili usio na kichwa: mke wa Sprout katika picha, Imogen katika tamthilia. Merridew analishwa vijibwa vyake viwili vilivyopikwa ndani ya mkate wa nyama, naye anashindiliwa mpaka anakufa; katika "Titus Andronicus" waliopikwa ni wana wawili wa malkia Tamora, na malkia hafi kwa kula bali kwa kisu. Bibi Moon anauawa kwa umeme saluni, badala ya Joan wa Arc aliyechomwa moto. Katika "Henry VI", sehemu ya kwanza, Joan anatolewa jukwaani kwenda kuchomwa na watazamaji hawauoni moto wenyewe. Macho ya Devlin yatobolewe kwa visu viwili vilivyotiwa moto. Katika "King Lear" Gloucester anatobolewa macho bila chombo kama hicho.

Basi tazameni ujanja wake. Picha ilikiri badiliko moja kwa sauti kubwa, nami kwa kusikia ungamo hilo nikaamini kwamba mengine yote ni salama. Nimekutana na jambo hili mara nyingi katika vitabu vya historia. Mwandishi anapokiri kosa dogo kwa unyenyekevu, msomaji huweka chini kalamu yake. Hapo ndipo inapofaa kuishika vizuri zaidi.

La sita: mahali alipouawa Kaizari

Jambo la sita hatukulibishania kabisa. Kiranja alisema Kaizari aliuawa Capitol, nami nikaitikia, na meza nzima ikaitikia, kwa kuwa ndivyo tulivyosoma kwa ajili ya Cambridge. Mwaka tulioingia Kidato cha Kwanza, 1963, ndio mwaka ilipotoka tafsiri ya kwanza ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia hiyo, na wengi wetu tuliijua hadithi hiyo kwa lugha mbili. Nani angeibisha?

Hata hivyo, tarehe 15 Machi mwaka 44 Kabla ya Kristo, baraza la Warumi halikukutana Capitol. Lilikutana katika ukumbi uliojengwa na Pompey, na ukumbi huo ulikuwa sehemu ya majengo ya jumba lake la michezo, jumba la kwanza la kudumu la mawe mjini Roma, lililozinduliwa mwaka 55 Kabla ya Kristo. Shakespeare aliliweka tukio Capitol, ingawa aliiacha sanamu ya Pompey palepale Kaizari alipoangukia. Suetonius anahesabu majeraha 23, na anasema mganga aliyeyakagua aliona kwamba ni moja tu, la pili, lililokuwa la kufisha.

Yaani Kaizari wa kweli aliuawa katika majengo ya jumba la michezo. Jina la picha yetu lilikuwa sahihi kuliko tulivyojua, na hatukujua kwa sababu sote tulikubaliana. Pale tulipobishana, ubishi ulinifanya nitafute. Pale tulipoafikiana, kama si daftari lile la safu nne, tungekufa na kosa letu.

WALIOIGIZA

Katika kuhakiki nilipata pia mambo ambayo sikuyatafuta. Bibi Moon aliigizwa na Coral Browne, Mwaustralia. Yeye na Vincent Price walifahamiana katika kazi hii. Mwaka 1974 walifunga ndoa, wakaishi pamoja mpaka bibi huyo alipofariki mwaka 1991. Price alimfuata mwaka 1993. Katika picha alimuua kwa mashine za saluni.

Mwisho wa picha, Edwina anauawa, na Lionheart anambeba mwili wake juu ya paa la jumba linaloungua, kama mfalme Lear anavyombeba binti yake Cordelia. Diana Rigg aliyebebwa pale alikuwa amemwigiza Cordelia mwenyewe mwaka 1962, katika "King Lear" iliyoongozwa na Peter Brook na kundi la Royal Shakespeare Company. Na mwaka 2005 "Theatre of Blood" ilipogeuzwa mchezo wa jukwaani kule National Theatre, London, nafasi ya binti ilichezwa na Rachael Stirling, binti wa Diana Rigg. Bibi Rigg alifariki mwaka 2020.

Na Lionheart mwenyewe? Nilipoitazama picha mara ya tatu, sikumwona tena kama kichekesho. Ni mtu hodari katika kazi yake aliyeambiwa amekosea, akaona ni afadhali waliosema hivyo wafe kuliko asikilize kama lipo la kweli. Wahakiki nao hawakuwa watu wema. Wengine walikuwa na majivuno na maneno ya kuumiza. Hata Devlin, jumba likiwa bado linaungua, hakuweza kujizuia kumhakiki marehemu. Lakini hakuna mahali Lionheart anapojiuliza, hata kwa dakika moja, kama kuna neno lililo sahihi katika maandishi yao. Mimi niliulizwa swali na kijana mwenye birika, nikaambiwa na rafiki kwamba nimekosea, na jibu langu la kwanza lilikuwa kumdhalilisha aliyenisahihisha. Sikushika kisu, lakini walioniona waliniona.

KWA KIRANJA

Nilikwenda kwake Jumapili moja bila kupiga simu. Mkewe alinikaribisha kwa furaha kuliko nilivyostahili. Kiranja alikuwa barazani. Sikutoa hotuba. Nilimwambia, "Ndugu yangu, nilikukosea mbele za watu, na nimekuja na ushahidi dhidi yangu mwenyewe." Nikampa daftari.

Alivaa miwani akasoma kurasa zote bila kusema neno, kama alivyokuwa akikagua vitanda bwenini. Alipofika kwenye pipa la mvinyo akaweka kidole. "Hapa umeandika Clarence alizama," alisema. "Shakespeare hakusema hivyo. Alichomwa kisu kwanza." Nilifungua kitabu nilichokuja nacho. Alikuwa sahihi. Ndiyo maana mmelisoma hapo juu kama mlivyolisoma, na sasa mnajua nani wa kushukuriwa.

Kisha alicheka, nami nikacheka, na mkewe akaleta kahawa.

Kijana wa birika, sijui jina lako, lakini uliuliza nani kati yetu anasema kweli. Hili ndilo jibu ulilostahili kupewa siku ile: katika mambo matatu ni Kiranja, katika moja, sote wawili, katika mawili, hakuna. Mimi peke yangu sikuwa na hata moja. Endelea kuuliza hivyohivyo, na mzee akikujibu kwa ukali, mwombe kwa heshima akuonyeshe kitabu.

Nilipokuwa naondoka, Kiranja alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipoagana aliniambia, "Umesahau jambo moja. Tiketi za usiku ule nililipa mimi." Mimi nakumbuka nililipa mimi. Hilo halimo katika picha wala katika kitabu, na hakuna maktaba itakayotuamulia. Nimeliandika kama alivyosema yeye.

Atakuwapo kwenye mkutano ujao. Tumeomba meza ileile, karibu na dirisha la jikoni.